Tunaandika kitabu cha ukoo wetu Ujiji: nani ahesabiwe, na kwa kipimo kipi?

Mjukuu wa Kitongoni (Ujiji, Kigoma) anauliza:

Asalaam aleikum, ndugu zangu.

Baada ya hitima ya babu yetu, wazee walikubaliana kwamba ukoo uandikwe kabla wanaokumbuka majina hawajatutoka, maana vijana wetu wametawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Tabora na hata ng'ambo ya ziwa, na wengi wao hawawezi kumtaja baba wa babu yao. Kazi hiyo tumekabidhiwa mimi na shangazi yangu. Tumenunua kaunta buku, tumewaendea wazee nyumba kwa nyumba, na majina tumepata mengi kuliko tulivyotarajia. Tulikwama tulipoanza kuyapanga, kwa kuwa kila mzee ana kipimo chake cha kumtambua mwana wa ukoo, na vipimo hivyo havilingani.

Upande wa baba sisi ni Wamanyema. Babu yake babu alivuka kutoka Kongo enzi za misafara ya pembe za ndovu, akajenga Ujiji na kuoa hapa hapa. Upande wa mama ni Waha wa Kasulu. Shangazi zetu wengine wawili waliolewa Tabora kwa Wanyamwezi, na watoto wao wamekulia huko. Kwa hiyo katika familia moja tuna mila tatu pamoja na dini, na kila moja inakuja na hesabu yake ya undugu.

Naomba nieleze penye ugumu. Baba mkubwa anashikilia kwamba watoto wa binti ni wa ukoo wa baba yao, basi watoto wa Tabora waandikwe huko kwao. Shangazi anamjibu kwamba mmoja wa hao ndiye aliyemuuguza babu hadi siku ya mwisho, na kwamba kitabu kisichomtaja kitakuwa na pengo. Pia baba yetu mdogo alipata mtoto wa kiume kabla ya kuoa. Mahari haikutolewa, mtoto akalelewa na ndugu za mama yake, na sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Amesikia habari za kitabu, naye anaomba jina lake liwemo.

Lililo zito zaidi linahusu mzee mmoja aliyekwisha kufariki zamani, ambaye uzao wake tunauita kina baba na kina shangazi. Aliletwa nyumbani akiwa mtoto mchanga, mwishoni mwa enzi za misafara, bila baba wala mama, akalelewa na babu yake babu. Tunayo karatasi ya majina yanayosomwa kwenye hitima. Imekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka, na huhifadhiwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja. Jina la mzee huyo limo, la nne kutoka juu, kwa mwandiko uleule ulioandika majina ya watoto wa kuzaliwa. Hata hivyo, baadhi ya jamaa wananong'ona kwamba alikuwa mtumwa aliyenunuliwa na kwamba uzao wake hauna nafasi kitabuni. Mimi sikubali kwamba watu tunaozikana nao tangu enzi za Wajerumani wageuzwe wageni kwa kalamu yangu, lakini kikaoni nitadaiwa hoja, na huruma peke yake haitanitosha.

Juu ya hayo, kijana wetu mmoja anataka kumuoa binti wa baba yake mdogo. Hapa Ujiji hakuna aliyeshangaa, ila wajomba zetu wa Kasulu waliposikia walisema hao ni kaka na dada. Wenye ujuzi wa mila, sheria na dini, nisaidieni: jamii hupimaje undugu, na sisi tuandike kwa kipimo kipi?

Mwalimu Mstaafu (Kasulu) anajibu:

Waaleikum salaam, mwanangu. Kazi mliyoianza ni ya thamani kubwa, na nafurahi kwamba mmesita kabla ya kuandika.

Nianze na hesabu ndogo. Kila mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na akirudi nyuma vizazi 10 anakuta nafasi 1,024 za watu waliomzaa. Hakuna jamii inayoweza kuwakumbuka wote hao, kuwarithi wote na kuwajibika kwa uzao wao wote. Kila jamii imelazimika kuchagua njia ya kupita katika umati huo, na njia hiyo ndiyo inayoamua nani ni wa ukoo. Anayefuata njia ya baba peke yake anamshika mtu mmoja kati ya hao 1,024. Waliobaki ni wazazi wake vilevile, ila ukoo haukuwahesabu. Kwa hiyo baba yako mkubwa na shangazi yako hawabishanii damu, maana damu ya watoto wa Tabora haina ubishi. Wanabishania hesabu, na hesabu huwekwa na watu.

Sisi Waha huhesabu kwa baba. Mtoto huingia katika ukoo wa baba yake, na binti akiolewa hubaki wa ukoo wake mwenyewe, ingawa watoto atakaowazaa huwa wa ukoo wa mumewe. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Baba mdogo kwetu ni baba, basi binti yake ni dada, na kijana anayemposa huyo anaonekana ameposa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wajomba zako wamesema kweli kwa hesabu yao, na watu wa Ujiji wamesema kweli kwa hesabu ya dini yao na mji wao. Ushauri wangu ni kwamba wajomba waendewe kwa heshima kabla ya posa, kwa sababu watakaokaa jamvini siku ya harusi ni wa pande zote.

Hata hivyo, njia ya baba si ya pekee hapa nchini. Waluguru wa Morogoro, Wamakonde na Wayao wa kusini huhesabu kwa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwa mila ardhi ya ukoo hupita upande huo. Watu wengi hudhani kwamba hapo wanawake ndio wanaotawala, jambo ambalo halifuati moja kwa moja, kwani mara nyingi mwenye kauli ni mjomba, yaani kaka yake mama. Wala dini haizuii moja kwa moja mpango wa namna hiyo. Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, kule Indonesia, ni Waislamu na huhesabu ukoo kwa mama. Mali ya urithi wa mababu hushuka kwa mabinti, ilhali mali aliyoichuma mtu kwa mikono yake inaweza kugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Waherero wa Namibia wamekwenda mbali zaidi, kwani mtu mmoja huwa na koo mbili, moja ya baba na moja ya mama, na kila moja ina mambo yake. Waingereza nao, kama watu wengi wa Ulaya, hawana ukoo kwa maana yetu. Huhesabu jamaa wa pande zote mbili kwa usawa, lakini undugu huo hufifia upesi kadiri mtu anavyosogea mbali.

Kuhusu mzee aliyelelewa, zingatia kwamba zipo jamii ambazo baba anayehesabiwa si lazima awe aliyezaa. Wanuer wa Sudan Kusini walikuwa na desturi ya mtu kuoa kwa jina la ndugu yake aliyekufa bila mtoto, na watoto waliopatikana walihesabiwa kuwa wa marehemu. Wakurya wa Mara wanayo desturi ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kumtolea mahari binti, na watoto wa binti huyo wakawa wa nyumba ya mwanamke aliyetoa mahari. Kwa watu hao hakuna udanganyifu wowote katika jambo hilo: ukoo ni haki na wajibu, na haki na wajibu vinaweza kuwekwa na wazee kwa njia inayojulikana na watu wote. Hata kwetu Buha kanuni ya baba kwa mwana haikuwafungia wanawake kila mlango, kwani Heru, hapa Kasulu, ilitawaliwa na Mwami Theresa Ntare hadi uchifu ulipofutwa baada ya uhuru.

Sasa nina onyo moja, nalo nakuomba ulisome taratibu. Waingereza walipoitawala Nigeria waliandika nasaba za Wativ ili ziwasaidie kuamua mashauri. Miongo kadhaa baadaye Wativ wenyewe wakazikataa, wakisema hazikuandikwa sawasawa, na maafisa wakashikilia kwamba karatasi ndiyo shahidi. Watafiti walioishi na Wativ, akiwemo Laura Bohannan, walieleza kwamba nasaba ya kusimuliwa ilikuwa ikirekebishwa kila uhusiano wa watu ulipobadilika: jirani aliyekaa muda mrefu akawa ndugu, na tawi lililohama likasahaulika. Simulizi iliruhusu jambo hilo, na maandishi hayakuliruhusu. Ninyi mkiandika leo kwamba mzee yule "alinunuliwa", wajukuu wa wajukuu wake watalisoma neno hilo bila kusikia sauti ya aliyelisema wala kujua alikuwa na ugomvi gani. Kama hakuna aliyeshuhudia, msiliandike.

Mama wa Ipuli (Tabora) anajibu:

Shikamoo Mwalimu, na asante kwa maelezo yako. Naomba niongeze la upande wetu, kwa kuwa watoto wa mabinti wa Ujiji wako huku kwetu.

Wazee wa Unyamwezi walitofautisha ndoa iliyotolewa mahari na ndoa isiyotolewa. Mahari ikitolewa, watoto huhesabiwa kwa baba na urithi wao uko kwake. Isipotolewa, watoto ni wa kwa mama, mjomba wao ndiye mwenye kauli juu yao, na baba akiwataka baadaye hana budi kuwagomboa kwa malipo yanayokubaliwa na pande zote. Ndiyo maana ndani ya kijiji kimoja, na hata kwa ndugu wa tumbo moja, unaweza kumkuta mtoto anayehesabiwa kwa baba na mwingine anayehesabiwa kwa mama, na wote wakala sahani moja bila manung'uniko. Kwa hiyo, mwanangu wa Kitongoni, kuuliza kama watoto wa shangazi zako ni wa Ujiji au wa Tabora kabla ya kuuliza kama mahari ilifika kwa babu yako ni kuianza habari katikati. Waulize wazee: ng'ombe au fedha zilipokelewa na nani, na nani alishuhudia? Jibu likipatikana, liandike mbele ya jina la kila shangazi.

Swali hilohilo lirudishe kwa mtoto wa baba yako mdogo. Mmesema mahari haikutolewa na mtoto alilelewa ujombani. Kwa mila zetu huyo ni wa kwa mama yake, na hapo hakuna aibu yoyote, kwa sababu ana ukoo kamili unaomlea na kumrithisha. Lakini milango ya kumgomboa haikufungwa. Nimeona huku kwetu mtu mzima mwenye wajukuu akigombolewa: wazee wa upande wa baba walikwenda kwa wajomba wakiwa na mbuzi, blanketi na fedha, wakakaa kutwa nzima, na jioni wakarudi na mtu wao. Wajomba walipokea kwa heshima na wakasisitiza kwamba hawakumuuza mtu, kwamba atabaki mpwa wao na atakuja kwao kwenye misiba kama kawaida. Kama familia yenu inamtaka kijana yule, wasianze kwa kuandika jina lake. Waanze kwa kwenda kwa wajomba zake. Mkimwandika kimyakimya, mtakuwa mmewadharau watu waliomlisha wakati baba yake hayupo.

Mwalimu amesema hesabu huwekwa na watu, nami naafiki. Kwetu hata watawala walikuwa na hesabu tofauti na ya raia, kwani katika tawala kadhaa za Unyamwezi mtemi alirithiwa zamani na mtoto wa dada yake, na baadaye tawala nyingine zikageukia mtoto wa mtemi mwenyewe. Undugu uliweza hata kutengenezwa siku moja. Mwaka 1876 Mtemi Mirambo na Henry Morton Stanley walichanjana na kuchanganya damu, na aliyeongoza shughuli hiyo alikuwa Manwa Sera, nahodha wa wapagazi wa Stanley. Mirambo alikuwa na nguvu za kijeshi zilizoitikisa njia yote ya kwenda Ujiji, lakini alipotaka amani na mtu yule aliona njia ya kuaminika ni kumfanya ndugu. Udugu wa kuchanjana ulikuwa na wajibu wake, na aliyeuvunja aliogopa matokeo.

Kwa hiyo anayesema kwamba mzee wenu si ndugu kwa kuwa hakuzaliwa ndani, nami ningemwomba anieleze ni nani wa njia ile ya misafara, kutoka ziwani hadi pwani, ambaye ukoo wake haukuwahi kupokea mtu.

Kijana wa Gungu (Kigoma) anajibu:

Nawaheshimu wazee waliotangulia, lakini naona tunapanua mno. Ukoo una maana kwa sababu una mpaka. Tukiwaandika watoto wa mabinti, walelewa, wa kugombolewa na wa kuchanjana, kitabu kitakuwa orodha ya mtaa mzima, na mjukuu atakayekisoma hatajua amtegemee nani akifiwa wala ni nani asiyeruhusiwa kumuoa. Wazee wetu waliofuata njia ya baba hawakuwachukia akina mama. Walitaka jambo lenye mwisho. Mimi ningeshauri kitabu kiwe cha uzao wa baba, na wengine watajwe kwenye kurasa za nyuma.

Ustadhi wa Rusimbi (Ujiji) anajibu:

Assalaamu alaykum wa rahmatullah. Kijana wa Gungu amegusa jambo la haki, kwamba mipaka inahitajika, na dini nayo imeiweka, ila haikuiweka yote mahali pamoja. Mpaka wa nasaba, wa ndoa na wa mirathi ni mitatu tofauti, na mtu anaweza kuwa ndani ya mmoja na nje ya mwingine.

Kwa nasaba, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa baba yake, na aliyezaliwa nje ya ndoa hunasibishwa na mama yake na hurithiana naye. Mtoto wa kulelewa habadilishwi nasaba: Qurani, Sura ya 33, aya ya 5, inaamrisha walelewa waitwe kwa baba zao, na ikiwa baba zao hawajulikani, basi ni ndugu zenu katika dini na marafiki zenu. Zingatieni kwamba aya haikuwafukuza. Imezuia uongo wa nasaba, kisha ikaubakiza udugu. Na ikiwa ni kweli kwamba mzee huyo aliwahi kumilikiwa kisha akaachwa huru, fikihi inakiita kiungo kati yake na nyumba iliyomwacha huru walaa, na kiungo hicho kilikuwa na nguvu hata katika mirathi pale aliyeachwa huru alipokosa warithi wa nasaba. Wanaonong'ona wanadhani kwamba wakithibitisha utumwa watakuwa wamekata uhusiano, kumbe dini inaona hapo pana uhusiano.

Kwa ndoa, mtoto wa ami si maharimu, na posa ya kijana wenu ni halali. Halali hailazimishi mtu, na kuzingatia hisia za wajomba wa Kasulu ni katika adabu njema.

Nina swali moja kwa muulizaji. Mmesema mzee huyo aliletwa akiwa mchanga. Alinyonyeshwa na nani?

Mjukuu wa Kitongoni anajibu:

Nashukuru sana, wazee wangu. Ustadhi, swali lako nilimpelekea shangazi jana usiku, naye akampigia simu bibi mkubwa, ambaye ndiye mkongwe kuliko wote tulionao. Bibi alijibu bila kusita kwamba mtoto yule alinyonya ziwa moja na baba yake babu, kwa sababu mke wa babu yake babu alikuwa amejifungua karibuni, na kwamba alinyonya hadi alipoachishwa. Alisikia hivyo kwa mama mkwe wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza bibi jambo hilo.

Ustadhi wa Rusimbi anajibu:

Basi hilo ni kubwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, kunyonya mara tano za kushiba kabla mtoto hajatimiza miaka miwili kunamfanya awe mtoto wa ziwa wa aliyemnyonyesha, na mume aliyesababisha maziwa hayo huwa baba yake wa ziwa. Sura ya 4, aya ya 23, inawataja mama na dada wa kunyonya miongoni mwa walioharamishwa kuoana nao. Kwa kauli ya bibi yenu, mzee huyo na baba wa babu yako walikuwa ndugu wa ziwa, watoto wa kila mmoja wakawa wapwa wa mwenzake, na wasingeweza kuolewa na ami yao huyo. Hawakurithiana, kwa maana ziwa halileti mirathi, ingawa mtu angeweza kumwachia mtoto wa ziwa wasia usiozidi theluthi ya mali. Mwandikeni kwa sifa yake ya kweli: mwana wa ziwa wa fulani binti fulani. Hapo jina la bibi aliyemnyonyesha nalo litaingia kitabuni, na kwa yale niliyoyaona katika shajara nyingi za mji huu, yaani orodha za nasaba, majina ya wanawake wa kizazi hicho ni machache mno.

Msaidizi wa Sheria (Tabora) anajibu:

Naomba kuongeza upande wa sheria kwa ufupi, kwa sababu vitabu vya namna hii huishia mezani kwa hakimu hata kama wenye kuviandika hawakukusudia.

Mtu akifariki na familia ikienda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi, kwa kawaida hutakiwa kuleta cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Nimeona mashauri yakikwama miaka kwa sababu waliokaa kikao walipinga mmoja wao kuwa mwana ukoo. Kitabu chenu kitatafutwa siku hiyo. Kwa hiyo kiandikeni wazi kwamba ni kumbukumbu ya familia na kwamba hakigawi mali ya mtu yeyote.

Kuhusu mtoto wa nje ya ndoa, tamko la sheria za mila la mwaka 1963, lililokusanya kanuni za makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilisema kwamba mtoto huyo ni wa upande wa mama, isipokuwa baba amuoe mama yake wakati wowote, au amlipe baba wa binti shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Mama wa Ipuli atalitambua humo wazo lake la kugomboa, ingawa sheria iliyoandikwa ililikata kwa kiwango kimoja na muda mmoja, mambo ambayo wazee walikuwa wakiyajadili kila mara upya. Baadaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka utaratibu wa mahakama kuthibitisha uzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 18, ikiwemo kuamuru kipimo cha vinasaba. Vipimo hivyo hufanywa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi yanayopitia watu wanaotambuliwa na sheria, kama vile mahakama, mawakili na maafisa ustawi wa jamii. Jamaa anayetaka kuwapima uzao wa mzee yule ili kumaliza ubishi wa ukoo ajue kwamba kipimo kitamwambia nani amezaa nani, na hakiwezi kumwambia nani alipokewa na nani.

Na kwa wanaonong'ona: utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kumtaja jirani yako kwa asili ya utumwa ili kumnyima nafasi yake hakuna msaada wowote mahakamani, na kunaweza kuwaletea kesi ambayo hamkuitarajia.

Mwalimu Mstaafu (Kasulu) anajibu:

Nimefuatilia kwa makini, na naona mwandishi wetu sasa anaweza kuendelea. Kijana wa Gungu asidhani kwamba amepuuzwa. Mpaka anaoutaka unaweza kuwekwa bila kumfuta mtu. Kila jina lipewe mstari wake, na mbele yake iandikwe baba na mama waliomzaa kwa kadiri wanavyojulikana, kisha njia iliyomwingiza katika ukoo: kuzaliwa ndani ya ndoa, kugombolewa, kulelewa au ziwa. Watoto wa mabinti waandikwe chini ya mama yao, na ukoo wa baba yao utajwe palepale, ili msomaji wa Ujiji ajue ni wapwa na msomaji wa Tabora ajue wanakohesabiwa. Anayetaka kuufuata uzao wa baba peke yake ataufuata kwa kidole bila kuwakanyaga wengine. Pembeni kabisa liwekwe jina la aliyesimulia na mwaka aliosimulia. Wazee wawili wakipingana, andikeni kauli zote mbili.

Bibi mkubwa arudiwe upesi, akiwa na nguvu, na asiulizwe habari za wanaume tu. Muulizeni kila mke aliyeingia katika nyumba ile alitoka wapi, alikuwa binti wa nani, na alinyonyesha watoto gani.

Mama wa Ipuli (Tabora) anajibu:

Kwa upande wa Tabora, nitumie majina ya waume wa shangazi zako na vijiji walikotoka kwa ujumbe wa faragha, usiyaweke hapa hadharani. Wapo wazee wawili hapa Ipuli wanaozijua koo za huku vizuri, na mmoja wao alikuwa mshenga katika ndoa nyingi za wakati ule. Nitamuuliza kama mahari ya Ujiji ilipelekwa yote au ilibaki deni, maana kama lipo deni, wakwe wenu wangependa walijue mapema kabla ya kitabu kufungwa.